Uongo wa Kupimia

Pale karakana walimwita Hakiki, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa kusaga lenzi katika duka la miwani, na hakuna kitu alichowahi kukiamini kwa mara ya kwanza. Cheti cha daktari wa macho kikifika mezani pake alikisoma, akakigeuza nyuma, kisha akakisoma tena, utadhani namba zilikuwa zikihama akizipa mgongo. Mteja akisema, "Nitapitia Ijumaa," Hakiki aliuliza, "Ijumaa ipi?" Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Lakini yeyote kati yao aliyetaka miwani ya mama yake mzazi isikosewe, alimpelekea yeye.

Tabia hiyo aliinyonya kwa shangazi yake. Wazazi wake walifariki angali mdogo, na shangazi ndiye aliyemlea katika vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo vumbi la saruji lilipanda ngazi kila asubuhi kabla ya wenyewe kuamka. Shangazi alikuwa mshonaji wa mapazia, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi, na kwa kila jambo la dunia alikuwa na onyo lake. "Mtu akikuchekea sana, mwanangu, hesabu meno yake, kisha uhesabu na yako." Au: "Siri ya watu wawili ni ya mmoja, wa pili ni mpiga mbiu." Mtoto aliyelishwa maneno hayo pamoja na uji hawezi kukua akiwa na mkono wa kumpa kila mtu.

Mwaka ule mambo mawili yalimwangukia kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa ya heri. Kwanza, fundi mkuu wa karakana alistaafu, na meneja akamwambia Hakiki kwamba kiti kile ni chake akimaliza muda wa kujaribiwa. Pili, shangazi, katika umri ambao majirani walishamfutia hesabu ya ndoa, alitangaza kwamba anaolewa na kuhama. Bwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole aliyekohoa kabla ya kubisha hodi. Hakiki alimchunguza kila alipokuja. Mwanamume wa umri ule, hana ugomvi na mtu, hanywi, hapazi sauti, anavua viatu mlangoni na kuvipanga sawasawa? Lazima kuna jambo.

Hapo ndipo mikono yake ilipoanza kumsaliti. Skrubu ya miwani ni ndogo kama punje ya mtama, haitaki mkono unaotetemeka. Alikuwa akiishika kwa koleo, mara moyo unaanza kwenda mbio bila kufukuzwa na kitu, kifua kinabana, jasho linamtoka viganjani, na skrubu inaruka sakafuni. Alikwenda hospitali akaambiwa moyo wake ni mzima kabisa. Akamshuku daktari. Akaenda hospitali nyingine, akaambiwa vilevile, akaanza kushuku kwamba wanajuana. Juma lile alivunja lenzi mbili za mteja mmoja, na meneja akamwita ofisini.

"Kuna kituo cha vijana, jengo lile la kona, ghorofa ya pili," meneja alisema. "Wana mshauri nasaha. Duka tumeingia nao mkataba. Nenda kila Jumatano mchana, ukaongee naye."

"Niongee naye nini, bosi?"

"Chochote kinachokusumbua. Ni bure."

Neno hilo bure lilimkwama kooni kama mfupa. Jioni alimsimulia shangazi, na shangazi akaacha kushona.

"Bure! Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Wanataka kujua kichwani mwako mna nini kabla hawajakupa hicho kiti. Nenda, usije ukaambiwa mkaidi. Lakini ulimi wako uufunge."

Jumatano akaenda, hakuvua hata koti lake la kazi lenye nembo ya duka kifuani. Ghorofa ya pili ilikuwa na ukumbi mrefu mwembamba. Upande mmoja kulikuwa na duka la kutoa kopi, mashine zake zikinguruma, na mlango uliofuata ndio wa kituo. Chumba cha ushauri kilikuwa kidogo: viti viwili vya vitambaa, meza fupi, boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Hakiki alilitazama boksi lile kwa hasira. Kumbe mtu anatarajiwa kulia!

Mshauri alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu bapa na sauti ya chini. Akamkaribisha, akamweleza taratibu. "Utakayoyasema humu yanabaki humu. Ila nikiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, hapo nitalazimika kutafuta msaada, na nitakwambia kwanza."

"Na meneja wangu?"

"Meneja wako ataambiwa kwamba umekuja. Basi."

"Simu yako iko wapi, dada?"

Mshauri akaitoa mkobani, akamwonyesha imezimwa, akaenda kuikabidhi kwa dada wa mapokezi. Hakiki akawaza: mtu asiye na la kuficha angeuliza kwa nini. Huyu hakuuliza. Kazoea.

Siku ile walizungumza habari za hali ya hewa na aina za lenzi. Jumatano ya pili ilikuwa hivyohivyo. Mshauri aliuliza maswali yake kwa upole, Hakiki akamjibu kama shahidi aliyefundwa na wakili: ndiyo, hapana, sikumbuki. Lakini usiku hakupata usingizi wa maana, na mikono haikutulia, na mahali fulani ndani yake palikuwa na kiu ya kusema. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aliona siku moja angefungua mdomo mbele ya mwanamke yule na yote yatoke, halafu je?

Akaamua kumpima. Fundi wa lenzi hupima kabla ya kukata. Alitunga uongo mmoja mzuri, ambao haukuwa na chembe ya ukweli, na hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata shangazi. Jumatano ya tatu akauinamisha uso, akasema kama mtu anayetoa siri kubwa:

"Dada, nataka kuacha kazi. Kuna mteja mmoja analeta fremu kutoka nje, tunafungua karakana yetu. Kazini hawajui."

Mshauri akamsikiliza, akamuuliza anajisikiaje akiwaza jambo hilo. Hakiki akajibu ovyo, akaondoka akiwa amechangamka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mtego umewekwa. Kama uongo ule ungebaki mle chumbani, angemfikiria. Kama ungetembea, angejua nani kaupa miguu.

Haukutembea. Ulikimbia. Jumatatu, muuza miwani wa mbele, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimkuta kwenye mashine akamwinamia.

"Mwenye duka! Utatukumbuka na sisi maskini?"

"Duka gani?"

"Ah, usijifanye hujui. Mji mdogo huu."

Kabla ya jua kutua meneja alimwita. Hakumfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nasikia unatuhama. Ungeniambia mimi kwanza. Kile kiti nimeshampigia simu fundi wa tawi letu la pili, anakuja mwezi ujao. Siwezi kuacha pengo."

Hakiki alitoka mle damu ikimchemka na, ajabu, akiwa na furaha ya uchungu. Alijua! Shangazi alijua! Hakumbishia meneja neno, maana alitaka kwanza kumshika mwizi mkono ukiwa mfukoni. Hakungoja hata Jumatano. Kesho yake mchana alipanda zile ngazi, akampita dada wa mapokezi bila salamu, akamkuta mshauri peke yake, akafunga mlango kwa nguvu.

"Ulilipwa kiasi gani?"

Mshauri akasimama. "Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ile habari ya karakana. Nilikudanganya! Hakuna karakana, hakuna mteja, hakuna fremu. Uongo huo nilikutungia wewe peke yako nione utaupeleka wapi. Sasa duka zima linajua, na kiti changu kimekwenda."

Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu. Mshauri angekana, angesema pengine Hakiki aliota au alisema kwa rafiki akasahau, angesema dalili za wasiwasi ndizo hizo. Kwa kila moja alikuwa na jiwe lake mkononi. Mshauri akakaa polepole, rangi imemshuka.

"Uliyasema hapa tu?"

"Hapa tu."

"Hukumwambia hata mtu wa nyumbani?"

"Hapa tu, nimekwambia!"

"Basi yametoka hapa," mshauri alisema. "Sikuyatoa mimi. Lakini yametoka hapa, na hapa ni kwangu. Nisaidie tutafute yalipopita."

Hakiki akacheka kwa dharau. Hii nayo ni mbinu, alijiambia, wamefundishwa. Lakini fundi akimwona mtu anatafuta ufa, mkono wake hauwezi kukaa mfukoni. Wakatazama pamoja. Mlango ulikuwa mzito. Dirisha lilielekea uani, kimo cha ghorofa mbili. Mshauri akagonga ukuta unaopakana na duka la kopi, na ukuta ukalia kama ngoma: ni plaiwudi iliyopakwa rangi. Hakiki akainua macho. Kipande cha dari juu ya ukuta ule kilikuwa kimelegea, na nyuma yake palikuwa na giza tupu.

"Wewe baki," alimwambia mshauri. "Ongea kawaida. Mimi ndiye nitakayekwenda ng'ambo. Nikikutuma wewe, nitajuaje?"

Akaenda duka la kopi, akajidai anasubiri zamu. Kwa muda mashine zilinguruma asisikie kitu. Kisha mwenye duka akazizima abadilishe karatasi, na sauti ya mshauri ikashuka kutoka juu, wazi kama ya mtu aliyekaa begani: "...vitunguu, viberiti, sabuni ya kipande, ile ya bluu, dawa ya meno ya watoto..." Alikuwa akitaja mahitaji ya nyumbani.

Mwenye duka akaona Hakiki ameduwaa, akatabasamu. "Huyo usimjali, ni yule mama wa ushauri. Sisi tumeshazoea. Juzi kulikuwa na kijana analia, kafeli mtihani wa mwisho na kwao hawajui. Nilimhurumia sana." Akaitazama nembo ya koti lake. "Si wewe ndiye fundi unayefungua duka lako? Yule mwenzenu muuza miwani, anayeleta risiti zenu kutolewa kopi, nilimpa hongera, kumbe hata habari hana!"

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesimulia mpira aliousikia redioni. Hasira yote Hakiki aliyopanda nayo ngazi ilikosa pa kukaa. Alimfikiria kijana yule wa mtihani, anayepita ukumbini akiwa amefuta machozi, na mtu wa kopi anamwangalia kwa huruma.

Aliporudi alimkuta mshauri amesimama katikati ya chumba, bado anasema, "...na mafuta ya taa."

"Nyamaza," Hakiki alimwambia. "Kila kitu. Mpaka sabuni ya bluu."

Mshauri alifunika mdomo kwa kiganja. Hakulia, wala hakugusa lile boksi la karatasi. Akasema, "Leo nafunga hiki chumba. Na nitamweleza kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho."

"Watakukimbia."

"Baadhi watakimbia. Haki yao."

"Na wakubwa wako?"

"Watasema ningetengeneza dari nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Na wewe nakuomba radhi. Uongo wako umekugharimu, ila mlango wa kutokea ulikuwa wangu."

Mtu mwingine angelainika hapo. Hakiki hakulainika. Kusema ni rahisi. Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya mapema kazini, akaenda kusimama kwenye kibanda cha vocha mkabala na lile jengo, akijifanya ana shida na laini yake ya simu. Alitaka kuona kwa macho yake. Na aliona. Mshauri aliteremka mwenyewe mpaka mlango wa chini, akawangoja vijana mmoja mmoja, akawaambia palepale kabla hawajapanda. Msichana mmoja alimkumbatia. Wa pili alisikiliza, akatikisa kichwa, akaondoka. Kisha akaja kijana mrefu mwenye begi mgongoni. Alipoambiwa, alirusha mikono, akapayuka maneno ambayo wapita njia waligeuka kuyasikia, akaenda zake bila kutazama nyuma. Mshauri alibaki amesimama pale na viatu vyake bapa, watu wakimpishana, akimngoja anayefuata.

Mwenye kibanda akauliza, "Dada, vocha unanunua au hununui?"

"Nanunua," alisema Hakiki.

Ilibaki kumkabili meneja. Hilo lilikuwa gumu kuliko kusaga lenzi ya almasi. Aliingia ofisini, akasema yote kwa mkupuo.

Meneja aliweka kalamu yake chini. "Ulidanganya ili umpime mtu?"

"Ndiyo, bosi."

"Na alifaulu?"

Hakiki akafikiri. "Yeye alifaulu. Chumba chake kilifeli."

Meneja alicheka bila kutaka, kisha akaacha kucheka. Fundi wa tawi la pili alikuwa ameshafunga mizigo, na neno halirudishwi tena. Kiti alikikalia yule mgeni, na Hakiki akabaki msaidizi wake kwa mwaka mzima na zaidi. Liliuma. Siku za mwanzo alimshuku mgeni kwa kila kitu, mpaka namna alivyofunga chupa ya dawa ya kusafishia lenzi.

Kituo kilipata chumba cha muda nyuma ya zahanati, stoo ya zamani yenye kuta za mawe na harufu ya dawa ya sakafu. Wa kwanza kurudi kati ya wale wa zamani alikuwa Hakiki. Kabla ya kukaa aligonga kuta zote nne, akapanda juu ya kiti akagonga na dari. Zege. Mshauri alisubiri amalize.

"Umeridhika?"

"Kwa leo."

Akakaa. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuifahamu, "Shangazi akiondoka, nitarudi nyumbani jioni na hakuna mtu. Taa itakuwa imezimwa mpaka niiwashe mimi. Na nikikosea kazini, hakuna wa kumwambia. Na nikiumwa. Na huyo mwanamume, simwamini. Simwamini hata kidogo."

"Umemwona akifanya nini?"

"Anapanga viatu."

"Hilo umeliona. Lingine?"

Hakiki alitafuta. Alikuwa amemchunguza mtu yule kwa miezi, na akiba yake yote ilikuwa jozi ya viatu na kikohozi. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio. Akalia kwa kitambo kirefu, akijifuta kwa mkono wa koti, maana boksi la karatasi mshauri alikuwa amelisahau kule jengo la kona.

Mazungumzo yakaendelea Jumatano baada ya Jumatano. Hakupewa dawa ya miujiza. Alifundishwa kutoa pumzi taratibu kuliko anavyoivuta, kifua kikianza kubana, akakuta inafaa, ingawa mara ya kwanza alidhani ni upuuzi. Alizoea kujiuliza swali lile: hili nimeliona, au nimelidhani? Mshauri hakumwambia aache kushuku. Alimwambia aanze na kushuku hofu yake mwenyewe, maana nayo ni mwongo mzoefu.

Lililobaki lilikuwa shangazi. Jioni moja, shangazi akikunja mapazia ya mteja, Hakiki alikaa sakafuni miguuni pake kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Shangazi, naogopa ukiondoka."

Mikono ya shangazi ikasimama. Hakiki alitarajia methali. Haikuja.

"Na mimi naogopa," shangazi alisema. "Sijalala nyumba moja na mwanamume tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nikikutazama nawaza, nitamwachaje? Kisha nawaza, na mimi nitaachwaje? Sikukwambia. Nilidhani ukijua naogopa, utanizuia nisiende."

"Ningekuzuia kweli."

"Ndiyo maana sikukwambia!" Wakacheka wote wawili, pazia limewafunika magoti.

Shangazi aliolewa, akahama. Majuma ya mwanzo yalikuwa mabaya, tusidanganyane. Hakiki alirudi kwenye taa iliyozimwa, akakagua mlango mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kuna asubuhi alifika kazini macho yamevimba. Lakini mikono ilianza kutulia kidogo kidogo, leo afadhali, kesho imerudi, keshokutwa afadhali tena. Yule fundi mgeni aligundua kwamba msaidizi wake hakosei vipimo, akaanza kumwachia lenzi ngumu, na aliporudi kwenye tawi lake alimwambia meneja asitafute mtu wa nje.

Yule kijana mrefu mwenye begi hakurudi tena kwa mshauri. Hakiki aliwahi kuuliza habari zake, akaambiwa kwa upole kwamba hilo si la kujibiwa, akafurahi kuambiwa hivyo.

Siku moja bwana wa shangazi alifika dukani peke yake. Alikohoa mlangoni, akaingia, akasema macho yake ya mbali bado yako sawa ila ya karibu yamechoka, na hataki kutengenezewa na mtu mwingine. Ili kupima umbali kati ya mboni mbili, fundi huketi uso kwa uso na mteja, karibu kabisa, na kumtazama katikati ya mboni. Hakiki aliweka rula ndogo juu ya pua ya mzee, akaangalia. Alisoma kipimo. Kama kawaida yake akakisoma tena.

"Nimekosea kukaa?" mzee aliuliza, akiogopa kupumua.

"Hapana, baba. Tulia hivyohivyo," alisema Hakiki. "Nahakikisha tu."